Nani atamdhamini mdhamini?

Mtu anayetaka kufungua akaunti ya benki katika miji yetu mara nyingi huambiwa alete barua kutoka ofisi ya serikali ya mtaa. Karani wa benki hamjui mteja huyo, wala hamjui mjumbe wa nyumba kumi aliyeanza kumtambulisha. Anachokijua ni muhuri. Akiuona muhuri wa mtaa umegongwa, nusu juu ya picha ya mteja na nusu juu ya karatasi, hutulia na kuendelea na kazi. Juma hili nataka tuzungumzie muhuri wa namna hiyo hiyo, ambao hauonekani kwa macho, lakini kwa siku moja hutumika mara nyingi kuliko mihuri yote ya makarani wa dunia. Huo ni cheti cha usalama cha mitambo ya intaneti.

Ndugu msomaji, usiruke ukurasa ukidhani kuwa haya ni mambo ya mafundi wa kompyuta peke yao. Ukilipa ada ya mtoto kwa njia ya mtandao, ukiangalia salio lako benki, au ukimwandikia ndugu yako barua pepe, simu yako kwanza huuomba mtambo wa upande wa pili, ambao mafundi huuita seva, utoe cheti chake. Cheti kikiwa sawa, kazi huendelea bila wewe kujua lolote. Kikiwa na kasoro, hutokea onyo la kukutaka usiendelee. Nyuma ya tendo hilo lisilochukua hata nukta moja ipo historia ya nusu karne. Ndani yake wamo Waafrika wawili, imo kampuni iliyokufa kwa kuficha aibu yake, na limo swali ambalo mpaka leo halijapata jibu la mwisho: yule anayewadhamini wengine, yeye anadhaminiwa na nani?

Kwa karne nyingi, watu wawili waliotaka kuandikiana kwa siri ilibidi kwanza wakutane, au watumiane mjumbe mwaminifu, ili wakubaliane ufunguo wa fumbo lao. Mjumbe akikamatwa, siri imekwisha. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walichapisha makala iliyobadili mambo. Walisema kila mtu anaweza kuwa na funguo mbili zinazokwenda pamoja, mmoja autangaze hadharani na mwingine aufiche. Kilichofungwa kwa ufunguo wa hadharani hakifunguki ila kwa ule wa siri. Mwaka uliofuata, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT wakapata hesabu ya kulitimiza wazo hilo, na hesabu yao ikaitwa RSA kwa herufi za mwanzo za majina yao.

Miaka 20 baadaye, Desemba 1997, Uingereza ilitangaza kuwa wataalamu wa idara yake ya mawasiliano ya siri walikuwa wamefika huko zamani. James Ellis alilipata wazo mwaka 1970, Clifford Cocks akapata hesabu mwaka 1973, na Malcolm Williamson akaongeza yake mwaka 1974. Lakini ilikuwa siri ya serikali, nao hawakuruhusiwa kusema. Ellis mwenyewe alifariki Novemba 1997, majuma machache tu kabla ya dunia kuambiwa alichokifanya.

Sasa, ufunguo wa hadharani uliondoa taabu moja ukaleta nyingine. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Kariakoo anayening'iniza makufuli yaliyo wazi mbele ya duka lake na kusema, "Mwenye kutaka kuniletea fedha, azitie katika sanduku, afunge kwa kufuli hili. Ufunguo ninao mimi peke yangu." Jambo zuri. Lakini ikiwa usiku tapeli amepita, ameyatoa yale makufuli na kuning'iniza yake, je? Wateja watafunga masanduku yao vizuri kabisa, kwa kufuli imara kabisa, na fedha zitakwenda kwa mwizi. Kwa hiyo uimara wa kufuli si kitu ikiwa hujui kufuli ni la nani.

Diffie na Hellman walifikiri juu ya orodha kuu, mfano wa kitabu cha simu, ambamo kila mtu angetafuta ufunguo wa mwenzake. Aliyeiona kasoro ya wazo hilo alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa MIT aitwaye Loren Kohnfelder. Katika tasnifu yake ya mwaka 1978 alieleza kuwa orodha hiyo ingezidiwa na maombi. Badala ya kila mtu kukimbilia kwenye orodha, alisema, mwenye orodha na atie saini yake kwenye kila jina pamoja na ufunguo wake, kisha mwenyewe apewe karatasi yake aende nayo. Atakapoulizwa, ataitoa. Hapo ndipo kilipozaliwa cheti. Mwaka 1988 chombo cha kimataifa cha mawasiliano ya simu, chenye makao yake Geneva, kikaweka kanuni ya namna cheti kinavyopaswa kuandikwa, ikapewa jina la X.509. Kanuni hiyo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo inayotumika hadi leo.

Cheti kilikaa vitabuni kwa miaka mingi kikisubiri biashara, na biashara ikaja mwaka 1994. Kampuni ya Netscape ya Marekani ilitoa kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, na ikataka watu waweze kununua vitu kwa kutumia namba za kadi zao za benki. Lakini nani angekubali kutuma namba ya kadi ikipita wazi kama kadi ya posta? Netscape wakabuni utaratibu uitwao SSL. Utaratibu huo huufumba mazungumzo baina ya kivinjari na seva, na kabla ya kufumba huidai seva cheti. Mkuu wa wanasayansi wa kampuni hiyo kuanzia mwaka 1995 alikuwa Taher Elgamal, mtoto wa Misri aliyesoma Chuo Kikuu cha Cairo kabla ya kwenda Stanford, ambako Hellman alikuwa mwalimu wake. Wengi humwita baba wa SSL. Huyo ndiye Mwafrika wa kwanza katika habari yetu.

Mwaka huo huo wa 1995 ikaanzishwa kampuni ya VeriSign, ambayo kazi yake ilikuwa kuuza vyeti. Ndiyo ikawa ofisi ya mtaa ya intaneti. Kila kivinjari kilitolewa kikiwa na orodha ya wadhamini wanaoaminika, na cheti kilichotiwa saini na mmoja wao kilikubaliwa papo hapo. Mtumiaji hakuulizwa kama anawaamini wadhamini hao. Alipewa orodha tayari, kama mtoto anavyopewa jina.

Utaratibu wa kuipatia seva cheti hakika si mgumu kuueleza. Fundi hutengeneza funguo mbili ndani ya seva yenyewe. Ule wa siri hubaki humo na hautakiwi kutoka kamwe. Ule wa hadharani huuandikia ombi, pamoja na jina la tovuti, kisha ombi hutumwa kwa mtoa vyeti. Mtoa vyeti hufanya uchunguzi wake, hutia saini na kurudisha cheti. Fundi hukiweka katika seva, na kazi imekwisha. Katika miaka ya 1990 uchunguzi huo ulikuwa wa makaratasi: hati za kusajiliwa kwa kampuni, simu za kuhakikisha, kusubiri kwa siku kadhaa, na bei ya mamia ya dola za Marekani. Tovuti zilizomudu hayo zilikuwa chache, nyingi za mabenki na maduka makubwa.

Isitoshe, serikali ya Marekani iliyahesabu mafumbo imara kuwa silaha. Vivinjari vilivyouzwa nje ya nchi hiyo vilipewa ufunguo mfupi wa biti 40 tu. Agosti 1995 mtafiti wa Kifaransa, Damien Doligez, alilifumbua fumbo la namna hiyo kwa siku 8, akitumia kompyuta za kazini kwao. Mwezi uliofuata, wanafunzi wawili wa Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, walionyesha jambo la kutisha zaidi. Programu ya Netscape ilipotakiwa kuchagua namba za kubahatisha kwa ajili ya ufunguo, ilizichukua kutokana na saa ya kompyuta na vitu vingine vinavyokisiwa. Kwa hiyo hata ufunguo mrefu ungeweza kukisiwa kwa muda mfupi. Mlango ulikuwa wa chuma, lakini ufunguo ulikuwa umefichwa chini ya zulia.

Vizuizi hivyo vya Marekani ndivyo vilivyompa nafasi Mwafrika wa pili. Mark Shuttleworth alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1995 alipoanzisha kampuni ya Thawte katika gereji ya wazazi wake. Kwa kuwa alikuwa Afrika Kusini, sheria za Marekani hazikumfunga, naye akaweza kutengeneza programu ya seva yenye fumbo kamili. Halafu akaingia katika kutoa vyeti, akawashawishi wenye vivinjari waliingize jina la Thawte katika orodha yao, na akawa mshindani mkubwa wa VeriSign duniani. Desemba 1999 VeriSign ikaamua kumnunua, kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 575. Mwezi Aprili 2002 Shuttleworth alikwenda anga za juu kwa roketi ya Urusi, Mwafrika Kusini wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2004 akatoa mfumo wa kompyuta wa bure unaoitwa Ubuntu, neno ambalo sisi Waswahili hatuhitaji kutafsiriwa kwa kuwa ni ndugu wa utu. Kwa hiyo anayesema kwamba Afrika katika mambo haya ni mteja tu, historia haikubaliani naye.

Hadi hapa mambo yalikuwa ya biashara. Mwaka 2011 yakawa ya maisha ya watu.

Katika mji wa Beverwijk nchini Uholanzi ilikuwapo kampuni ya kutoa vyeti iitwayo DigiNotar. Hata serikali ya Uholanzi ilikuwa ikitumia vyeti vyake. Katikati ya mwaka huo mvamizi aliingia katika mitambo yake akajitolea vyeti vya bandia, ambavyo baadaye vilihesabiwa kuwa 531. Kimoja, kilichotolewa tarehe 10 Julai, kilikuwa na jina la Google. Kampuni iligundua uvamizi mwezi huo huo, ikafuta vyeti ilivyoviona, ikanyamaza. Kile cha Google hawakukiona.

Mwishoni mwa Agosti mtu mmoja nchini Iran alipofungua barua pepe yake, kivinjari chake kikamwonya. Kivinjari hicho kilitengenezwa na Google wenyewe, nacho kilikuwa kimefundishwa kuvitambua vyeti halali vya Google. Vivinjari vingine havikushtuka, kwa sababu saini ya DigiNotar ilikuwa halali katika orodha zao. Uchunguzi ulionyesha kuwa anwani za kompyuta zipatazo 300,000, karibu zote za Iran, zilikuwa zimekutana na cheti hicho cha bandia. Maana yake ni kwamba mtu alikaa katikati ya njia, akijifanya Google, na aliweza kusoma barua na maneno ya siri ya watu wasiojua lolote. Kikulacho ki nguoni mwako: saini iliyowekwa kumlinda mtumiaji ndiyo iliyomfungulia jasusi mlango.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Septemba 2011, waziri wa mambo ya ndani wa Uholanzi, Piet Hein Donner, aliitisha waandishi wa habari akasema kuwa serikali haiwezi tena kuhakikisha usalama wa tovuti zake zilizotumia vyeti hivyo. Wenye vivinjari wakalifuta jina la DigiNotar katika orodha zao. Tarehe 20 Septemba kampuni ikatangazwa kufilisika. Mdhamini hana mali nyingine ila jina lake. Likishachafuka, hana cha kuuza.

Mimi ni mwandishi wa habari, na habari hiyo naitazama kwa jicho la kazi yangu. Wapo watu wanaotuandikia mambo ambayo wakubwa wao wakijua yameandikwa na nani, watapoteza kazi, na pengine zaidi ya kazi. Watu hao hawajui X.509 ni nini, wala hawana haja ya kujua. Wanachojua ni kwamba barua imefungwa. Wale Wairani nao walijua hivyo hivyo. Ndiyo maana nasema mambo haya si ya mafundi peke yao.

Baada ya hapo zilichukuliwa hatua tatu ambazo mimi naziona kubwa. Ya kwanza ni daftari la wazi. Mwaka 2013 ilichapishwa kanuni ya kwamba kila cheti kinachotolewa kiandikwe katika madaftari ambayo mtu yeyote anaweza kuyapekua. Kuanzia mwaka 2018 kivinjari cha Chrome kikaanza kuvikataa vyeti vipya visivyoandikishwa humo. Mwenye tovuti leo anaweza kuona kama kuna mtu amechukua cheti kwa jina lake. Ni sawa na ofisi ya mtaa kulazimishwa kubandika ukutani kila barua iliyoitoa.

Ya pili ni kwamba hata wakubwa waliadhibiwa. Symantec, kampuni iliyoinunua biashara ya vyeti ya VeriSign mwaka 2010, ilibainika kuwa imetoa vyeti bila uangalifu. Mwaka 2017 Google ilitangaza kuwa itaacha kuviamini hatua kwa hatua, na Symantec ikaiuza biashara hiyo kwa kampuni ya DigiCert.

Ya tatu ndiyo iliyowafikia wengi. Mozilla, Chuo Kikuu cha Michigan na wapigania haki wa EFF waliungana na wenzao kuanzisha mtoa vyeti asiyetafuta faida, aitwaye Let's Encrypt. Cheti chake cha kwanza kilitoka Septemba 2015, na milango ikafunguliwa kwa umma Desemba mwaka huo. Vyeti vyake ni vya bure, na kompyuta yenyewe huomba, huthibitisha na huweka cheti bila makaratasi. Kufikia Februari 2020 ilikuwa imetoa vyeti bilioni moja. Shule, zahanati, chama cha ushirika au gazeti dogo la mkoani, ambao zamani wasingeweza kulipa mamia ya dola, sasa wanaweza kuwa na kinga ile ile iliyokuwa ya mabenki.

Lakini hapa, ndugu msomaji, pana jambo la kuwa macho nalo. Cheti hiki cha bure kinathibitisha jambo moja tu: kwamba anayezungumza nawe ndiye mwenye jina lile la tovuti. Hakisemi kama ni mtu mwema. Tapeli akisajili tovuti yenye jina linalofanana na la benki yako, likipishana herufi moja tu, naye atapewa cheti halali, na mazungumzo yako naye yatafumbwa barabara. Utaibiwa kwa usiri mkubwa. Kwa miaka mingi vivinjari vilionyesha alama ya kufuli kando ya jina la tovuti, nasi tukafundishwa kuwa ukiliona kufuli, uko salama. Mwaka 2023 Google ikaiondoa alama hiyo katika Chrome ya kwenye kompyuta. Ilieleza kuwa katika utafiti wake asilimia 11 tu ya watu walielewa sawasawa maana ya alama hiyo. Kwa hiyo soma jina la tovuti herufi kwa herufi. Tahadhari kabla ya hatari.

Na wale wenye seva, wakubwa wa mashirika na taasisi, nao wana lao. Cheti kina tarehe ya kwisha. Desemba 6, 2018 mamilioni ya wateja wa kampuni ya simu ya O2 ya Uingereza walishinda siku nzima bila intaneti ya simu. Chanzo hakikuwa vita wala radi. Cheti kilichokuwa ndani ya programu iliyotengenezwa na Ericsson kilikuwa kimekwisha muda wake. Aprili 2025 baraza la watoa vyeti na wenye vivinjari lilipitisha ratiba ya kufupisha zaidi muda huo: usizidi siku 200 kuanzia Machi 15, 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Taasisi inayotegemea kumbukumbu ya fundi mmoja, aandike tarehe ukutani na kukumbuka kuhuisha cheti, itaumbuka. Kazi hiyo sharti iachiwe mtambo ujifanyie wenyewe, na awepo mtu wa kuuangalia mtambo.

Turudi kwenye swali letu. Nani atamdhamini mdhamini? Historia hii inaonyesha kuwa hakuna mdhamini wa mwisho aliye juu ya wote. Kilichopatikana ni wengi kumchunga mmoja, daftari kuwa wazi, na mkosaji kuondolewa katika orodha hata kama ni mkubwa. Hata hivyo orodha yenyewe imo mikononi mwa makampuni machache, Google, Apple, Microsoft na Mozilla, yote yenye asili ya Marekani. Wao ndio wanaoamua ni saini ya nani itakubaliwa katika simu ya mama muuza samaki wa Feri na katika kompyuta ya waziri. Sisemi kwamba wanaamua vibaya. Nasema kwamba mtoto wa Cape Town aliwahi kuingia katika chumba hicho kwa kubisha hodi kutoka gereji ya wazazi wake, na tangu siku hizo vyuo vyetu vimetoa wataalamu wa kompyuta mwaka hadi mwaka. Wajifunze kuweka vyeti, ndiyo. Lakini wajifunze pia kukaa katika vikao vinavyopanga ni vyeti gani viaminiwe, maana asiyekuwapo na lake halipo.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.